Gari Langu Jeusi na Wageni wa Kishushe

Mtu akiniambia leo kwamba lile gari langu lilikuwa zuri, nasikia kichefuchefu. Sitii chumvi. Pua hukumbuka harufu ya panya aliyeoza ndani ya mabomba ya hewa, ikichanganyika na pafyumu ya ndimu niliyonyunyiza ili kumficha. Nilikaa na gari lile miaka tisa. Labda miwili kati ya hiyo nilikuwa na raha, na hata hiyo raha nikiifikiria sasa naona haya. Lingenitesa mimi peke yangu, ningenyamaza nikaendelea na maisha. Lakini kidogo limnyime binti yangu ndoa yake, na mkono uliolisogeza ulikuwa wangu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja pale Wundanyi, na nyumba yangu ilikuwa Voi, kwenye ploti tuliyonunua mimi na mke wangu tulipochoka kupanga. Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa kwenye mteremko ambako kiazi kikikuponyoka mkononi kinaokotwa na jirani wa chini. Sikuwa na sababu yoyote duniani ya kununua sedani nyeusi ya Kijerumani yenye viti vya ngozi, iliyokwisha kutumiwa na Mjapani fulani mpaka akaichoka. Siku ile nilikuwa nimeteremka Mombasa kutafuta kigari kidogo cha kunipeleka kazini. Muuzaji wa yadi moja ya magari alinifungulia mlango wa lile jeusi, akanikalisha, akaufunga. Ulifunga kwa upole, bila kishindo, na kelele zote za barabarani zikanyamaza. Nilikaa mle ndani nikajiona mtu. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka. Nilijiona mtu, kana kwamba nilipoingia yadini nilikuwa kitu kingine.

Nilipolifikisha nyumbani, mke wangu alilizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Na magunia ya mahindi yataingia wapi?" akauliza.

"Hili si gari la magunia."

"Basi ni la nini?"

Niliingia ndani nikaomba chai.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa heshima, na heshima yenyewe ilinuka. Askari wa getini kazini, ambaye miaka yote alikuwa akinifungulia huku anatafuna muhogo bila kunitazama, sasa alisimama wima na kupiga saluti. Vijana wa petroli wakaanza kuniita mheshimiwa. Kwenye harambee nilinyanyuliwa kutoka viti vya plastiki nikakalishwa meza ya mbele, karibu na maua, nikapewa chupa ya maji. Kanisani nikapangiwa benchi la pili. Kwenye mazishi niliombwa nitangulie mbele ya msafara, ili marehemu asindikizwe na gari la maana. Marehemu mmoja alikuwa amelala kitandani miezi mitano na hakuna aliyethubutu kuniomba gari la kumpeleka hospitali. Wala mimi sikujitolea, kwa sababu njia ya kwao ilikuwa na mawe. Nilimpeleka kaburini, kwa mwendo wa taratibu, taa zimewashwa.

Kisha gari likaanza kunionyesha lilivyo.

Vibonye vya dashibodi vilikuwa vimepakwa mpira laini. Joto la Voi liliuyeyusha, ukanata kama utomvu wa fenesi. Ukigusa redio, kidole kinarudi na weusi, na ukijisahau ukapangusa kwenye suruali, suruali hiyo ni ya shambani tangu siku hiyo. Gundi ya kitambaa cha dari iliachia, kitambaa kikaning'inia, na abiria wa nyuma akawa anakaa kama bibi harusi ndani ya shela. Mke wa mchungaji wetu aliketi humo mara moja na nywele alizotoka kusuka, akashuka na unga wa sponji ya manjano kichwa kizima. Viti vya ngozi vilikuunguza ukikaa na kukushika ukitaka kuinuka. Vumbi jekundu lilipata njia ya kuingia hata pale ambapo hewa haikuingia. Na ndani ya dashibodi kulikuwa na sauti ya mwanamke wa Kijapani. Kila nilipowasha injini alisema maneno yake matamu, na hakuna fundi kati ya Voi na Mombasa aliyejua kumnyamazisha. Nilimsikiliza miaka yote hiyo bila kujua kama ananisalimu au ananionya.

Lililoniudhi kuliko yote ni springi za upepo. Gari lile halikusimama juu ya chuma kama magari ya watu. Lilisimama juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, na zile kona za kupanda Wundanyi zikaichosha mifuko hiyo. Jioni unaliegesha limesimama, asubuhi unalikuta limelala tumbo chini, na wewe uko na tai shingoni unasubiri lijivute hewa huku wenzako wanapita wakikupungia mkono.

"Mzee, hii gari haitaki kuishi hapa," fundi wangu wa Voi aliniambia. Alikuwa mtu mpole, na alisema kwa huruma, kama daktari.

"Mbona mengine yanaishi?"

"Hizo zingine zilizaliwa na shida. Hii ilizaliwa Ulaya."

Mwishowe alichoka nalo. Akaitoa mifuko ya nyuma, akaweka springi za chuma za pikapu. Nyuma likainuka, mbele likabaki chini. Tangu siku hiyo lilitembea kama mbuzi aliyeinama kunywa maji, na mimi nikiwa ndani yake nimekaza shingo, naitikia saluti.

Mtu atauliza kwa nini sikuliuza. Kwa sababu ya saluti. Sina jibu lingine, na nimelitafuta. Kila fundi alipolifungua nilijiambia ndiyo mara ya mwisho. Kila askari alipokaza mkono kwenye kofia nilisahau. Mke wangu alinitazama siku moja nikilipangusa kwa fulana yangu mpya, maana vitambaa vilikuwa vimekwisha, akasema, "Hili gari halikununuliwa. Limekuoa." Kisha akaenda kuanua nguo.

Lilikufa mwaka nilioacha kazi. Panya waliingia kwenye injini wakazitafuna waya, na mmoja wao akapita mpaka kwenye mabomba ya hewa na kufia humo. Fundi alifungua boneti, akatazama, akaifunga tena polepole. Alisema waya za gari lile zikiguswa lazima zibadilishwe zote, na hajui mtu wa kuzibadilisha. Tulilisukuma nyuma ya nyumba, karibu na choo na tangi la maji, nikalifunika kwa turubai. Kuku wakapanda juu. Nikaanza kutembea kwa miguu mjini kama zamani, na nikagundua kwamba hakuna aliyeniita mheshimiwa. Ndipo nilipoanza kusema uongo. Nikiulizwa gari liko wapi, nasema liko nyumbani, nimeamua kufanya mazoezi.

Binti yangu ni mtoto wetu wa pekee. Alikuwa anafundisha watoto wa chekechea kule Mraru, umri umefika thelathini na moja, na kwa miaka mingi mashangazi zake walikuwa wakimuuliza maswali ya kijinga kila Krismasi. Mwaka jana akatuambia amepata mtu. Kijana alikuwa wa kwetu, Mdawida, ila wa Kishushe, ambako watu wanafuga. Alikuwa akizunguka kuchanja mifugo. Nilimwona mara mbili, kijana mkimya mwenye mikono mikavu, na nilimwona binti yangu anavyomtazama. Sikuwahi kumwona akitazama kitu chochote namna ile. Nilifurahi. Hilo nalisema wazi, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani sikumpenda mwanangu.

Kwetu, wazee wa upande wa kijana huja mara ya kwanza kimya kimya. Hawataji mahari wala mbuzi. Wanakuja na sukari na majani ya chai, wanasema wanapita tu, wanakaa, wanaitazama nyumba na watu wake. Wakiridhika, baada ya wiki mbili tatu wanatuma neno, na hapo ndipo mambo yanaanza. Wasipotuma neno, yamekwisha. Upande wa msichana hauulizi. Mzazi akiuliza ni kama anamtembeza mtoto wake sokoni, na aibu hiyo humfuata msichana popote atakapokwenda. Kwa hiyo siku ile moja ndiyo kila kitu. Binti yangu alijua, mke wangu alijua, na mimi nilijua.

Mke wangu alipika. Binti alifagia uwanja kuanzia alfajiri. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikavua turubai.

Sijui nilifikiri nini. Ama nasema uongo tena, najua vizuri nilichofikiri. Niliwaza wafugaji wa Kishushe wakiingia getini, wanione nimesimama na shati la karani aliyestaafu mbele ya nyumba ya vyumba vitatu. Kisha nikawaza wakiingia na kukuta lile jeusi limesimama hapo mbele linang'aa. Nilichota maji ndoo baada ya ndoo nikaliosha. Maji ya Voi, ambayo mke wangu huyapima kwa kikombe, niliyamwaga mpaka ardhi yote ya nyuma ikawa tope. Nikafungua milango ili harufu itoke. Haikutoka. Nikanyunyiza pafyumu, nikafunga vioo.

Kisha nikaita majirani wawili wanisaidie kulisukuma. Mimi nikakaa kwenye usukani. Mke wangu nilipomwita alitokeza mlangoni na mwiko mkononi, akanitazama, akarudi jikoni. Gari halikusogea. Majirani walikuwa wamevaa vizuri, hawakutaka kuchafuka.

"Njoo, mama," nilimwita binti yangu. "Sukuma kidogo tu."

"Baba, lazima?"

"Wageni wanakuja. Unataka watuone vipi?"

Alivua viatu, akakunja gauni, akainama nyuma ya buti. Nilimwona kwenye kioo. Uso wake haukuonekana, nywele tu, na mabega. Gari likasogea, likakwama, likarudi, likasogea tena. Mimi ndani nilikuwa napiga kelele: haya, haya, tena. Tukapinda kona ya nyumba, tukalisimamisha mbele ya baraza, pua kuelekea getini, kana kwamba liko tayari kuondoka. Binti alikwenda kuoga kwa haraka. Nilisimama nikalitazama gari langu, na nikapendezwa.

Walikuja watatu, baba wa kijana na ndugu zake wawili, na makoti yao ya kizamani na kofia mkononi. Niliwapokea kwa sauti kubwa. Kabla hawajaketi niliwatembeza hadi kwenye gari. Nikawaonyesha ngozi kupitia kioo. Nikawaambia habari za mlango unaojifunga kwa upole. Nikasema asubuhi ile ile nilikuwa nimelipeleka mjini mara moja kununua soda. Baba wa kijana, mtu mwembamba mwenye macho yaliyozoea jua, aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kidogo.

"Ni gari kubwa," akasema.

Akaomba msalani. Nilimwelekeza nyuma ya nyumba, na alikaa huko muda kuliko nilivyotarajia. Aliporudi, binti yangu alileta chai. Alipiga magoti kidogo kumpa kikombe, kama tunavyowafunza, naye akapokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Walikunywa, wakala, wakasifu chapati za mke wangu. Niliongea mimi. Niliongea juu ya ofisi, juu ya wakubwa nilioketi nao meza moja, juu ya barabara na bei ya mafuta ya gari. Waliondoka mapema, kwa adabu.

Wiki mbili zikapita, tatu, mwezi. Hakuna neno.

Ndani ya wiki ya tano nilianza kutoa maelezo. Niliwaambia majirani, nikawaambia wenzangu wa kanisani: wale watu tumewatisha. Wameona maisha ya hapa, wakajipima, wakaona hawatufikii. Nilisema kwa masikitiko, na kwa siri nilijisikia vizuri, na hiyo siri ndiyo inayonitapisha sasa kuliko panya. Binti yangu alirudi kutoka kazini kila jioni, akatusalimu, akala peke yake jikoni. Yule kijana alikuwa amemwambia kwa simu kwamba baba yake amekataa na hataki kutoa sababu. Alimwambia bado anamsihi baba yake. Kisha simu zikapungua.

Siku moja nilimkuta binti yangu amekaa kwenye ngazi ya nyuma, hafanyi chochote.

"Ni watu wa kujidharau tu," nilimwambia. "Wameogopa utajiri."

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichoharibika na bado anafikiria kama kinaweza kutengenezwa.

"Baba," akasema, "utajiri gani?"

Asubuhi iliyofuata nilivaa viatu vya kutembelea. Nilikwenda kufanya jambo ambalo baba wa msichana hafanyi, na sikumwambia yeyote. Nilipanda Wundanyi, na kutoka huko nikachukua pikipiki iliyoniteremsha upande wa pili wa vilima, kwenye ile njia ya mawe na miiba hadi Kishushe. Nilifika nikiwa mwekundu kwa vumbi kichwa mpaka miguu.

Nilimkuta baba wa kijana nje ya zizi, ameinama anatazama chini. Ng'ombe wake mmoja, mtamba, hakurudi jana yake. Alinisalimu bila kuonyesha mshangao, akaniambia nimsubiri, akaendelea kuzunguka. Baada ya muda alimwita ndugu yake akamwambia mtamba amekwenda upande wa korongo, anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto, na hakuwa peke yake. Ndugu akaondoka. Mimi nilitazama pale pale nikaona mchanga tu. Tulikwenda kukaa kivulini mwa ukuta wa nyumba, mkewe akatuletea maziwa.

"Nimekuja kuuliza," nikasema. "Najua haiulizwi."

"Haiulizwi," akakubali.

"Mtoto wangu ana kosa gani?"

"Hana."

"Basi ni nini? Kama ni maisha yetu yamewatisha, sisi ni watu wa kawaida tu. Lile gari..."

Aliinua mkono kunizuia.

"Mzee mwenzangu, ngoja nikuambie, ndiyo usirudi na swali. Ulituambia umetoka mjini na hiyo gari asubuhi. Niliweka mkono kwa boneti. Ilikuwa na joto la jua tu, hakuna joto ya kutoka ndani. Sikusema kitu. Gari kulala si dhambi. Halafu nikaenda choo, nikaona udongo."

"Udongo?"

"Ulikuwa umemwaga maji, ukakuwa tope, halafu jua ikakausha. Kila kitu imeandikwa hapo. Magurudumu yanaenda kidogo, yanasimama, yanarudi, yanaenda tena. Gari yenye inatembea na injini haiendi hivyo. Nyuma yake kuna miguu. Wanaume wawili na viatu, wamekanyaga na kisigino. Hao walikuwa wanashika tu, hawasukumi. Katikati kuna mguu mtupu. Mdogo. Vidole vimezama mpaka hapa." Akanionyesha fundo la kidole chake. "Huyo ndiye alileta gari mbele."

Nilishika kikombe cha maziwa kwa mikono yote miwili.

"Nikakaa pale nikafikiria, huyu ni nani?" akaendelea. "Halafu msichana akaleta chai. Alikuwa ameoga, amevaa viatu vya wazi. Lakini udongo ulikuwa bado kwa kucha."

Alisema bila ukali, na hilo lilinichoma zaidi. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Msichana hatukuwa na neno naye. Njiani niliwaambia ndugu zangu, yule ana nguvu na hana manung'uniko. Neno lilikuwa na wewe. Hapa mtu akioa, anaoa nyumba nzima. Kiangazi ikimaliza ng'ombe zangu, mimi nitakuja kwako nikuambie zimekwisha. Na mtoto wako akipata shida hapa kwangu, wewe utakuja kuniambia nini? Utasukuma nini mbele yangu?"

Nilitaka kujitetea. Maneno yalikuja mdomoni, mazuri, ya ofisini, na nikayachukia. Nikamwambia yote. Nikamwambia habari ya yadi na mlango, springi za pikapu, saluti ya askari, marehemu niliyempeleka kaburini na sikumpeleka hospitali. Nikamwambia habari ya panya. Nikamwambia kwamba nilikaa kwenye usukani nikipiga kelele huku mwanangu ameinama kwenye tope. Nililia, mzee mzima, na vumbi usoni. Mkewe alitoka, akaona, akarudi ndani.

Yeye alisubiri nimalize.

"Ungetuambia tu gari imekufa," akasema, "tungevua makoti tukusaidie."

Kisha akasimama, kwa sababu ndugu yake alikuwa anarudi na mtamba, na kweli mtamba huyo alichechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Baba wa kijana alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Hakuniahidi chochote. Alisema atazungumza na watu wake.

Nilipofika nyumbani nilimkalisha binti yangu nikamweleza kila kitu, pamoja na habari ya nyayo zake na kucha zake. Nilitegemea atalia au anikasirikie. Aliitazama miguu yake.

"Siku ile niliosha mara mbili, Baba," akasema. "Nikaona nikichelewa na chai utanigombeza."

Wiki iliyofuata niliwaita watu wa vyuma chakavu. Walilikata gari hapo hapo uwanjani kwa moto, na harufu ya ngozi iliyoungua na ule mpira wa vibonye ilikaa kwenye mapazia siku kadhaa. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliniambia kwa huzuni kwamba lilikuwa gari zuri, nikaingia ndani.

Neno lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Walikuja watatu wale wale, na safari hii kijana alikuwa nyuma yao, na binti yangu alipomwona alishika fremu ya mlango. Nilikuwa nimefagia uwanja mwenyewe. Hapakuwa na kitu mbele ya nyumba. Niliwakaribisha kwa sauti ya chini, tukaketi, chai ikaja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimaliza kikombe bila kusema neno.

Baba wa kijana aliweka chake chini. Kwa desturi yetu huuliza, hata kama baba wa msichana ameketi hapo mbele yake, ni nani atakayesemea nyumba hiyo. Huulizwa kwa adabu tu, jibu linajulikana. Baba hukohoa, halafu husema ni mimi. Akauliza. Nikavuta pumzi.

Binti yangu hakunitazama. Alimgeukia mama yake, na wazee wote watatu wakageuza viti vyao upande huo.